Ufuo usio na bahari

Leo hakuna msimbo. Ninyi mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, nawaomba subira hadi wiki ijayo. Leo naandika juu ya kutembea kwa miguu, tena polepole, bila shughuli yoyote ya maana.

Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Mashujaa. Ofisi imefungwa, wateja wamenyamaza, na nusu ya wenzangu walikuwa wamepanda treni tangu jana yake kwenda Mombasa kukanyaga mchanga. Hata mimi nilikwenda kukanyaga mchanga. Tofauti ni kwamba wao walipita Emali na Kibwezi wakiwa usingizini, nami nilishuka kwenye matatu pale Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani kwetu, karibu na Mto Kaiti.

Najua mtu wa Lamu au Tanga akisoma hapa atacheka. Ufuo gani Ukambani? Makueni na Kitui ziko mbali kabisa na bahari, na watu wengi wakisikia majina hayo hukumbuka ukame kwanza, kisha maembe. Lakini fuo tunazo, ndugu zangu, tena ndefu. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha inajaa kwa siku chache, pengine saa chache tu, halafu maji ya juu yanatoweka na kuacha njia pana ya mchanga ikipindapinda katikati ya mashamba. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua za Novemba, Kaiti huwa haina tone unaloweza kuliona kwa macho. Ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna mtu wa kukuuzia miwani ya jua.

Halafu kuna jambo hili ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kaiti inaingia Thwake, Thwake inaingia Athi, na Athi ndiyo inayotenganisha Makueni na Kitui kwa sehemu ndefu kabla ya kuingia mbuga ya Tsavo. Huko inakutana na Mto Tsavo, inaanza kuitwa Galana, na ikikaribia pwani inaitwa Sabaki, kisha inamwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mto mmoja, majina matatu, kama mtu aliyesahau nywila akafungua akaunti nyingine. Mliowahi kwenda Malindi msimu wa mvua mkakuta bahari imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, mlikuwa mnatazama udongo wa Ukambani ukiwa safarini. Na upande wa juu, Mto Nairobi nao unaingia Athi. Kwa hiyo kati ya vijito vichafu vya jijini, pale ninapofanyia kazi, na Bahari ya Hindi, pana njia moja ya maji, na Kaiti ni kichochoro cha pembeni cha njia hiyo. Sikuwa mbali na pwani kama mnavyodhani.

Basi, niliamka mapema. Mama alikuwa tayari jikoni, akaniuliza naenda wapi.

“Mwaitu, natembea tu.”

“Natembea tu” kwetu si jibu. Mtu huenda mtoni kuchota, kunywesha mbuzi, kumtafuta ng'ombe aliyepotea, au kuvuka kwenda kwa watu. Mtu mzima anayetembea tu ana lake jambo. Mama alinitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na mtungi wa manjano wa lita 20, akanipa. Ukirudi, rudi na kitu. Kwa hiyo matembezi yangu ya ufuoni niliyafanya na mtungi mtupu ukinigonga gotini. Nausimulia mtungi huu kwa sababu baadaye uligeuka kuwa kipimo.

Kabla ya kushuka mtoni nilitazama mbingu upande wa vilima vya Kilungu na Mbooni. Hii ni desturi, si ushairi. Mvua inaweza kunyesha huko juu ninyi huku chini mkaanika nguo, na mto ukaja kama ukuta. Wasomaji wa Kenya wanakumbuka tarehe 4 Desemba 2021, pale Mto Enziu karibu na Mwingi, upande wa Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilipoingia kwenye maji ya mafuriko na zaidi ya watu 30 wakafa. Enziu nayo ni mto wa namna hii hii. Wiki zingine ni mchanga ambao watoto wanachezea mpira. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina kitu. Nikavua viatu.

Mchanga wa Kaiti asubuhi ni baridi kama sakafu ya saruji. Si laini kama ule wa Diani, una punje kubwa kubwa, na ndani yake kuna vipande vya ulanga vinavyometa jua likivipiga kwa pembeni, hata utotoni tuliamini ni dhahabu na kuvikusanya kwenye kopo la kakao. Nyayo ziko nyingi: kwato za punda zikienda na kurudi kwa mstari mmoja, mbuzi waliosambaa ovyo, ndege wadogo, na baiskeli moja ambayo mwenyewe alichoka akashuka akaisukuma. Ukingoni kuna mikuyu mizee ambayo mizizi yake imebaki nje kama vidole, na migunga, na mwembe mmoja unaoinamia mto utadhani unasoma kitu chini. Simu niliizima. Kwa dakika kama kumi hivi mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, kisha ukakoma.

Kimya cha mahali hapo sijui nikielezeeje. Baharini hakuna kimya, mawimbi hayanyamazi usiku na mchana. Hapa unasikia njiwa, unasikia mtu akipasua kuni ng'ambo ya pili, halafu husikii kitu, na unagundua kwamba kichwani mwako kulikuwa na kelele ya feni ya kompyuta wiki nzima. Kuna kasoro moja kwenye programu ya mteja iliyokuwa imenitesa siku tisa. Ningependa kuwaambia kwamba nilipata jibu lake palepale juu ya mchanga, kama wanavyosimulia wengine. Sikupata. Sikuifikiria hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa raha yenyewe.

Baada ya mwendo wa nusu saa nilifika mahali ambapo kina mama wawili walikuwa wakichota. Kwa asiyejua, ni shimo tu kwenye mchanga, limezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Unachimba, unangoja, maji yanajikusanya chini taratibu, meupe kwanza kisha safi, nawe unayateka kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mmoja wao, mama wa makamo, aliutazama mtungi wangu uliokauka kabisa.

“Mwanangu, umepotea njia au unautembeza mtungi?”

Nikamwambia nautembeza. Walicheka mpaka kikombe kikaanguka ndani ya shimo.

Niliwauliza maji yako chini kiasi gani mwaka huu. Mkono mmoja, wakasema, yaani ukilala kifudifudi ukanyosha mkono unayafikia. Hiyo ni habari njema kwa mwezi wa kumi, na sababu yake iko mita mia kadhaa mbele: ukuta.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ni teknolojia ninayoiheshimu kuliko nyingi ninazoziandikia humu. Unatafuta mahali ambapo mto wa msimu umepita juu ya mwamba. Juu ya mwamba huo unajenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo, imara, wenye mabawa ya kuingia kwenye kingo zote mbili ili maji yasiuzunguke. Kisha unasubiri. Mafuriko yakija yanabeba mchanga na tope. Mchanga ni mzito, unatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi linapita juu na kuendelea na safari yake ya Malindi. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, nyuma ya ukuta hakuna bwawa la maji bali bwawa la mchanga, na kati ya punje za mchanga huo ndimo maji yanamokaa. Jua haliyafikii, kwa sababu ukishashuka kama nusu mita na zaidi kidogo, maji hayawi mvuke kwa urahisi tena. Mbu hawana pa kuzalia. Ng'ombe hawawezi kuyakanyaga. Na yakipita kwenye mchanga yanachujika. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna leseni ya kulipia kila mwaka.

Ukambani tunavijua vizuizi hivi tangu miaka ya 1950. Lakini vilienea kweli vilipokuwa mali ya wananchi wenyewe. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi chao cha Utooni, upande wa Kola, na kazi yao ikasambaa vijiji vingi vya Machakos na Makueni. Kitui nako, kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL lilishirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya kuta mtoni. Wanavijiji walibeba mawe, walibeba maji ya kukorogea saruji, walichimba msingi kwa majembe. Na ukuta peke yake hautoshi: huko juu mashambani lazima kuwe na matuta, yale ya fanya juu, unachimba mtaro na kurusha udongo upande wa mlimani. Bila hayo mto unakuletea tope badala ya mchanga. (Fanya juu, kwa njia, ni neno letu ambalo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia vilevile lilivyo. Si kila kitu tunaazima sisi.)

Sisi waandika programu tuna kitu kinaitwa kache. Badala ya kwenda mbali kila mara kuleta kitu kilekile, unakiweka karibu wakati kipo kwa wingi, ukitumie wakati hakipo. Maji ya Novemba yanayotumika mwezi wa tisa mwaka unaofuata, ndiyo hayo. Na kama ilivyo kwa kache yoyote, ukipunguza nafasi, huwezi kuweka kitu. Nafasi yenyewe ni mchanga. Neno hili lilinikaa rohoni kwa sababu ya jambo lililonileta nyumbani, ambalo mpaka hapa nimekuwa nikilikwepa.

Shamba aliloacha babu linashuka mpaka mtoni. Mwezi wa tisa dalali mmoja alimwendea baba mdogo. Anataka njia: malori yapite shambani kwetu, yashuke Kaiti, yabebe mchanga. Anasema karatasi zote anazo. Atalipa kila lori linapopita, na malipo ya kwanza anatoa kabla. Binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, ameitwa chuo kikuu, na karo haijapatikana. Sasa mtu akikuletea pesa mkononi kwa ajili ya kitu ambacho kimelala tu mtoni, tena kila mvua huja kingine, utamwambiaje baba mwenye barua ya chuo mezani? Baba mdogo si mlafi. Alitaka ukoo ukae usiku huo wa sikukuu, na alisema mimi “mtu wa kompyuta” nije nipige hesabu.

Basi nikakaa juu ya ukuta, miguu ikining'inia, nikapiga hesabu kwa kijiti. Lori la tani 10. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa kama tani 1.6, kwa hiyo lori linabeba kama mita 6. Mchanga wa punje kubwa ukishiba maji, nafasi kati ya punje hufika asilimia 30 hadi 40, lakini si yote utakayoyateka, mengine yanang'ang'ania punje. Tuseme asilimia 25. Mita 6 mara asilimia 25 ni mita moja na nusu, yaani lita 1,500. Nikautazama mtungi wa mama. Lita 1,500 ni mitungi 75. Pale kwa mama, pamoja na mbuzi, siku moja inakula mitungi 5. Lori moja ni siku 15. Malori 20 ni siku 300.

Nikarudia, maana nilidhani nimeweka sifuri mahali pasipo pake. Siku 300. Tena si mara moja: mchanga ule ungebaki, ungejaa kila msimu wa mvua. Ni kweli mafuriko huleta mchanga mwingine, baba mdogo hakukosea. Ila mafuriko huja mara mbili kwa mwaka yakipenda, na malori huja kila usiku. Mto ukishachimbwa mpaka mwamba, maji yakija yanateleza tu yanakwenda zake, kingo zinabomoka, na ukuta unaanza kuchimbika msingi. Hesabu yangu ni ya kukadiria, mhandisi wa maji anaweza kuinyoosha hapa na pale. Hawezi kuigeuza kuwa siku 3.

Na mchanga huo unakwenda wapi? Mnajua unakokwenda. Umeukalia. Nairobi inapanda ghorofa juu ya ghorofa, na zege inataka mchanga wa mtoni kwa sababu ule wa jangwani umesuguliwa na upepo hadi punje zikawa mviringo, haushikani vizuri. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo ofisi zake kuu ziko Gigiri, lilikadiria mwaka 2019 kwamba dunia inatumia tani bilioni 40 hadi 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Jengo ninalofanyia kazi nina hakika lina Ukambani ndani yake. (Tafadhali asije mtu kuniambia kwamba hata chipu za kompyuta zinatokana na mchanga. Zinatokana na mawe safi sana ya kwatzi, na malori ya Kaiti hayaendi kiwandani kwa chipu.) Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na kuna mamlaka ya kaunti ya kusimamia uchimbaji na usafirishaji wake. Ni sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini sheria haikai mtoni saa nane za usiku. Anayekaa pale ni mwenye shamba, na ndiye anayefungua au kufunga lango.

Jua lilikuwa limepanda, mchanga umeanza kuunguza. Nilirudi kwa wale kina mama, walikuwa wameondoka, shimo wameliacha limefunikwa kwa miiba. Nikajaza mtungi kwa kikombe, ilinichukua dakika 20 au zaidi, na kuubeba mpaka nyumbani kukanikumbusha kwamba kazi yangu ni ya kukaa. Mama aliupokea bila neno. Aliyachungulia maji, akaridhika, akayamimina kwenye pipa.

Usiku tulikula muthokoi na ndengu, tukakaa. Baba mdogo, shangazi, mama, binamu, na mimi na karatasi yangu. Nilieleza kwa mitungi, si kwa mita za ujazo. Shangazi aliuliza swali moja tu: hao wanaoishi chini ya mto, ambao shimo lao linategemea mchanga wa juu, wao watalipwa na nani? Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema hesabu imeeleweka, lakini karatasi ya mtungi haiwezi kupelekwa kwa mhasibu wa chuo. Alikuwa na haki kusema hivyo. Ni rahisi sana kulinda mto ukiwa umekaa Nairobi na mshahara unaingia mwisho wa mwezi.

Tulichangua mpaka saa sita. Shangazi atauza ng'ombe mmoja, yule mwenye pembe moja. Mama ametoa akiba ya chama chake. Binamu atafanya kazi likizo, na ameahidi hivyo mbele ya watu, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Mimi nimechukua karo ya muhula wa kwanza, pesa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya laptopu mpya, ile niliyowasimulia mwezi wa saba kwa maneno mengi na picha. Asubuhi baba mdogo alimpigia dalali simu, mazungumzo hayakufika dakika moja, kisha akaenda kufunga lango la chini kwa mnyororo.

Kwa hiyo ule uchambuzi wa laptopu mpya niliowaahidi hautakuwapo mwaka huu. Hii ya zamani bado inawaka, ingawa inanguruma kama kinu cha posho, na herufi “k” inataka kubonyezwa mara mbili. Mkiona neno limekosa “k”, mjue ni hiyo.